Tunapougua, Watoto Wanatutazama

Muhula uliopita nilifundisha mada ya mazungumzo ya hospitalini katika kidato cha pili. Ni mada nyepesi, na wanafunzi huipenda. Hujifunza majina ya viungo vya mwili na maradhi, namna ya kumwamkia daktari na kumweleza unaumwa wapi na tangu lini, kisha hujigawa katika makundi na kuigiza. Niliwapa robo saa ya kujiandaa, nikawaachia uhuru wa kubuni. Sharti langu lilikuwa moja tu: Kiswahili kitumike mwanzo hadi mwisho.

Kundi la kwanza lilimlaza mgonjwa juu ya madawati mawili yaliyounganishwa. Muuguzi akamtazama kwa mbali, hakumgusa, akamwambia mama wa mgonjwa: "Nendeni mkanunue glavu na maji ya kutundika. Duka la dawa liko ng'ambo ya barabara." Mama akashika kifutio cha ubao kana kwamba ni simu, akampigia mjomba aliye Kampala. Mjomba hakupokea. Akampigia mwingine, akapewa ahadi ya jioni. Hapo kaka wa mgonjwa akavua sweta lake, akalishika kama kapu na kulizungusha darasani, na wenzake wakatia humo vipande vya karatasi. Karatasi zilipotosha, mgonjwa akapona. Makofi yakapigwa.

Kundi la pili lilikuwa na majeruhi wa ajali ya boda boda. Nusu nzima ya igizo lao ilikuwa ni katibu wa kikundi cha WhatsApp akisoma majina ya waliochanga na ya wale ambao wangali na ahadi mkononi. Katika kundi la tatu mzee aliuza mbuzi wake wawili kwa bei ya kutupa, kwa sababu mnunuzi alijua kwamba mtoto wake amelazwa. Makundi haya hayakuwa yamesikilizana. Kila moja lilijiandaa peke yake, katika pembe yake ya uwanja.

Katika kundi la nne, msichana mmoja alikwenda kuketi kwenye meza yangu, akawa karani wa mapokezi. Wazazi walipoingia na mgonjwa wao, hakuwauliza jina wala ugonjwa. Aliwauliza: "Mituweli yenu iko wapi?" Darasa likaangua kicheko, kwa kuwa hakuna aliyelielewa neno lile. Wenzake wa kundi wenyewe walibaki wameduwaa. Baadaye nilipomwuliza, alinieleza kwamba alisoma shule ya msingi akiishi kwa shangazi yake ng'ambo ya mpaka, nchini Rwanda, na kwamba huko "ukifika tu, ndilo swali wanalokuuliza."

Niliwapa alama zao kulingana na matumizi ya lugha, kama mtaala unavyotaka. Lakini jambo moja lilinifuata hadi nyumbani. Sikuwa nimewafundisha watoto wale kuzungusha sweta. Hakuna mada ya namna hiyo katika kitabu chochote. Walijifunza wapi, na walijifunza lini, kiasi cha kuwa makundi matatu kati ya manne yaliona kwamba kuugua na kuombaomba ni kitu kimoja?

Ndugu msomaji, sisi walimu hupenda kuamini kwamba mtoto hujifunza kwa kuambiwa. Kazi yetu imejengwa juu ya imani hiyo, na mshahara wetu pia. Hata hivyo mwalimu wa lugha ana ushahidi wa kinyume mbele yake kila siku. Wanafunzi wangu hukariri jedwali la ngeli tangu kidato cha kwanza, na bado huniandikia "kiti imevunjika." Mtoto wa Unguja au wa Mombasa hajapata kuona jedwali hilo, lakini kabla hajafika umri wa kwenda shule anakuambia "kiti kimevunjika" bila kusita. Hakuna aliyemketisha na kumfundisha. Aliwasikia watu wazima wakinena, akanena kama wao.

Upo utafiti mmoja unaotuhusu sisi Waganda kwa namna ya pekee, kwa kuwa sehemu yake ilifanyika katika kisiwa cha Ngamba, ndani ya Ziwa Viktoria, wanakotunzwa sokwe waliookolewa. Watafiti wawili, Victoria Horner na Andrew Whiten, walichapisha matokeo yake mwaka 2005. Walitengeneza sanduku lenye zawadi ndani yake. Mtu mzima alichokoa kwanza tundu la juu ya sanduku kwa kijiti, jambo ambalo halikuwa na faida yoyote, kisha akafungua sehemu ya mbele na kuitoa zawadi. Sanduku lilipokuwa halionyeshi ndani, sokwe wachanga walifuata hatua zote. Walipopewa sanduku lenye kuta angavu, wakaona wazi kwamba kile kijiti cha juu hakigusi zawadi, wengi waliiacha hatua hiyo na kwenda moja kwa moja mbele. Watoto wa miaka mitatu na minne walipewa jaribio hilohilo huko Uskoti. Hao waliendelea kuchokoa juu hata walipokuwa wakiona kabisa kwamba hakuna kinachotokea.

Mara ya kwanza kusoma habari hiyo nilicheka, nikasema sokwe wetu wamewashinda Waskoti. Baadaye nilielewa kwamba haukuwa ujinga. Mtoto wa binadamu anachukulia kwamba mtu mzima ana sababu ya kufanya anachokifanya, hata kama sababu yenyewe haionekani. Kwa njia hiyo anapata lugha, maamkizi, adabu ya mezani, namna ya kupanda mtama na ya kuomboleza msiba, mambo ambayo asingeyapata kamwe iwapo angedai kuelezwa kila hatua. Gharama yake ni kwamba hachagui. Anabeba hatua yenye faida pamoja na ile isiyo na faida, na anabeba hata ile yenye madhara. Akituona tunampigia simu mkubwa fulani ili mgonjwa wetu apewe kitanda, anajifunza kwamba kitanda hutolewa na mkubwa fulani. Akimwona baba akimtilia muuguzi noti mkononi, anajifunza kwamba mkono wa muuguzi hufunguliwa na noti.

Wala tusijidanganye kwamba hakuona kwa sababu hajafanya. Mwaka 1965 Albert Bandura, mwanasaikolojia aliyefundisha Chuo Kikuu cha Stanford, aliwaonyesha watoto filamu ya mtu mzima akimpiga mwanasesere mkubwa. Watoto walioona mtu yule akiadhibiwa kwa kitendo chake hawakumwiga sana. Lakini walipoahidiwa zawadi wakionyesha alichokifanya, walikionyesha sawasawa na wenzao. Somo walikuwa nalo, limelala tu, likingoja siku yake.

Sasa, kuna watu watakaosema kwamba mchango wa ugonjwa ni utu wetu, na kwamba Mwafrika hamwachi mwenzake. Nakubaliana nao kwa nusu. Nimezaliwa katika milima ya Kigezi, kusini magharibi mwa Uganda, ambako utu huo ulikuwa na umbo unaloweza kulishika kwa mkono. Unaitwa engozi. Ni machela ya kusukwa, yenye miti mirefu, inayobebwa mabegani na wanaume wanne kwenye vijia ambavyo gari haliwezi kupita. Kila kijiji kilikuwa na kikundi chake cha engozi. Kila kaya ilikuwa mwanachama, ilitoa mchango wake, na ilitoa mabega yake zamu ilipofika. Asiyejitokeza kubeba alitozwa faini, na mzee wa kikundi hakusahau.

Tazama tofauti iliyopo kati ya engozi na sweta la mwanafunzi wangu. Sweta huzungushwa mtu akiwa ameshaanguka. Engozi ilisukwa kabla mtu yeyote hajaugua, ikatundikwa ukutani kwa mtunzaji wake, ikingoja mgonjwa ambaye hakuna aliyemjua bado. Sweta hutegemea unajuana na nani: mwenye mjomba Kampala atapona, na mwenye wajomba wakulima atauza mbuzi. Engozi ilimbeba mjane sawa na mwenye ng'ombe ishirini, maadamu wote walikuwa wanachama. Na sisi watoto tulikuwa tukikimbia nyuma ya wabebaji hadi kwenye kilima cha pili, tukirudishwa kwa kukemewa. Jioni tulikata matawi, tukamlaza mdogo wetu mmoja juu yake, tukambeba. Tulibishana nani atashika mbele. Aliyekataa kubeba tulimtoza faini ya ndizi mbivu. Hatukuwa tumeelezwa kanuni za kikundi, lakini tulikuwa nazo zote, pamoja na faini.

Mwaka 1996 hospitali ya Kisiizi, ya Kanisa la Uganda, iliyoko wilayani Rukungiri, ilianzisha bima ya afya kwa wakazi wa eneo lake. Haikuwaita watu mmoja mmoja. Iliwafuata katika vikundi vyao vya engozi. Kikundi kilijiunga kama kikundi, kwa sharti kwamba sehemu kubwa ya familia zake zikubali. Sharti hilo lina hekima ambayo wataalamu wa bima wanaifahamu vizuri: ukiruhusu kila mtu ajiunge anapotaka, watajiunga wagonjwa peke yao, na mfuko utakauka kabla ya mwaka kwisha. Mkulima wa Kisiizi hakuhitaji semina ili alielewe. Babu yake hakuruhusiwa kujiunga na engozi siku ambayo mguu wake umevunjika. (Mwaka huohuo wa 1996, katika wilaya ya Igunga, wenzetu wa Tanzania walianza Mfuko wa Afya ya Jamii. Inaelekea mawazo mema huwa na msimu wake, kama kumbikumbi.)

Nayasema haya kwa sababu tunapojadili bima ya afya ya taifa tunazungumza kana kwamba ni kitu kigeni kilicholetwa na wahasibu, na kana kwamba kazi yote ni ya Bunge. Bunge lina kazi yake, naam. Tangu mwaka 2001, ada za matibabu zilipofutwa katika vituo vya afya vya serikali, sera inamwambia Mganda kwamba anatibiwa bure. Kila mwenye mgonjwa anajua kilichobaki: daktari ni bure, karatasi ya daktari ni bure, na dawa iliyoandikwa kwenye karatasi hiyo iko ng'ambo ya barabara. Wanafunzi wangu waliliigiza duka hilo bila kuelekezwa.

Muswada wa bima ya afya ya taifa uliwasilishwa bungeni mwaka 2019. Ulipendekeza mfanyakazi wa mshahara akatwe asilimia 4, mwajiri aongeze asilimia 1, na mtu wa sekta isiyo rasmi alipe shilingi 100,000 kwa mwaka. Machi 31, 2021, katika siku za mwisho za Bunge la 10, muswada ulipitishwa. Rais hakuutia saini. Waajiri walikuwa wamelalamika kwamba mzigo wa makato umeshakuwa mkubwa, na sitawabeza. Mimi ni mwalimu wa masomo ya sanaa mwenye stashahada; katika nchi hii kila mtu anajua maana ya sentensi hiyo katika hati ya mshahara, hasa baada ya mgomo wa walimu wa mwaka 2022. Shilingi 4,000 katika kila shilingi 100,000 ni fedha ninayoiona ikiondoka. Hata hivyo naunga mkono bima hiyo, na ninataka irudi bungeni, ijadiliwe tena na kutiwa saini.

Ila nina hofu ambayo sijaisikia katika mijadala. Makato ya mshahara hayaonekani. Yanatokea kwenye kompyuta ya wizara, yanaandikwa kwenye mstari mmoja wa karatasi ambayo mtoto wangu hataisoma kamwe. Tukijenga bima yetu yote juu ya mstari huo, tutapata mfuko wenye fedha, na kizazi kisichojua kwamba mfuko upo. Watakua wakiamini kwamba mtu akiugua huzungushwa sweta, kisha watafikisha umri wa kukatwa mshahara na kuuliza, kwa haki kabisa, fedha yao inakwenda wapi.

Linganisha na Rwanda. Majirani zetu walianza majaribio ya bima yao ya jamii mwaka 1999, katika wilaya tatu, wakaieneza nchi nzima katika miaka iliyofuata. Tangu mwaka 2015 inasimamiwa na bodi yao ya hifadhi ya jamii, na Wanyarwanda walio wengi mno wamo ndani yake. Watu husifu nidhamu ya serikali yao, na sina la kuongeza hapo. Mimi kinachonivutia ni jambo dogo la nyumbani: mchango hulipwa kwa kichwa, na hulipwa na kaya nzima. Kwa miaka mingi mtu wa kipato cha kati alilipa faranga 3,000 kwa mwaka, mwenye uwezo zaidi 7,000, na maskini kabisa alilipiwa. Mama mwenye watoto watano, kabla ya mwaka mpya wa bima kuanza mwezi wa Julai, hana budi kuketi na kuhesabu: huyu, na huyu, na huyu. Wengi huweka akiba kidogo kidogo katika vikundi vya kijiji viitwavyo ibimina ili Julai isiwakute mikono mitupu. Mtoto anaiona akiba hiyo. Anajisikia akihesabiwa. Mwanafunzi wangu aliniambia kwamba shangazi yake alikuwa akimtania anapokataa kuchota maji: "Nimekulipia mituweli, huwezi kunidanganya kwamba unaumwa." Mzaha huo una elimu ya uraia kuliko mabango yote niliyoyaona kando ya barabara ya kwenda Kabale.

Kenya nao wametufundisha upande mwingine wa jambo hili. Mfuko wao wa bima ya hospitali ulikuwepo tangu mwaka 1966. Oktoba 1, 2024 waliufunga na kuanza mfumo mpya chini ya Mamlaka ya Afya ya Jamii, ambapo mwenye mshahara anakatwa asilimia 2.75 ya kipato chake, isiyopungua shilingi 300 za Kenya kwa mwezi. Nia ya mageuzi hayo ni njema: mwenye kingi atoe kingi, na kila mkazi ahesabiwe, akiwemo mama muuza mboga. Lakini miezi ya mwanzo ilikuwa ya misukosuko. Wagonjwa walifika dirishani wakaambiwa mtandao haufanyi kazi, na hospitali za binafsi zililalamika kwamba hazijalipwa madeni yao. Wanasiasa wa pande zote waliyajadili hayo kama hesabu. Mimi nilimfikiria mtoto aliyesimama kando ya dirisha, ameshika kanga ya mama yake, akimsikia karani akisema "lipeni taslimu." Mtoto huyo alikuwa darasani. Mageuzi yanaweza kurekebishwa baada ya mwaka mmoja au miwili, madeni yakalipwa, mtandao ukakaa sawa, lakini somo la dirishani halifutwi kwa tangazo la redioni.

Nisije nikaonekana nawanyooshea wengine kidole, nieleze langu. Walimu wa shule yetu wana mfuko mdogo wa matibabu. Kila mmoja hutoa shilingi 10,000 kwa mwezi, na anayelazwa, yeye au wa nyumbani kwake, husaidiwa kulingana na kanuni walizokubaliana. Nilikuwa mwanachama kwa mwaka mmoja na miezi kadhaa. Katika muda huo nyumbani kwangu hakuna aliyeugua zaidi ya mafua. Usiku mmoja, tukiwa mezani, nilimwambia mke wangu kwamba nimejitoa, kwa sababu "tunawalipia wengine bure." Mtoto wetu wa kwanza alikuwapo, akimenya kiazi chake.

Hazikupita wiki nane. Mtoto yuleyule alishikwa na malaria kali, akapungukiwa damu, akalazwa. Niliunda kikundi cha WhatsApp nikiwa nimekaa kwenye ukingo wa kitanda chake. Nikapiga simu moja baada ya nyingine, nikiwa nimelainisha sauti kama tunavyoilainisha sote, na mtoto amefumba macho nikidhani amelala. Wenzangu walichanga, Mungu awabariki, wakiwemo wanachama wa ule mfuko niliouita wa bure. Wiki hiyohiyo mwenzangu anayefundisha historia alimlaza binti yake katika wodi iyo hiyo. Yeye hakumpigia mtu simu. Alikuja na barua moja ya mweka hazina wa mfuko, akaketi, akawa anamsimulia binti yake hadithi.

Mwanangu alipona. Miezi michache baadaye mpira wake wa kuchezea ulipasuka. Nilimkuta amezunguka nyumba tatu za majirani akiwa na kikombe cha plastiki, akisema kwa sauti laini ambayo niliitambua mara moja. Alikuwa ameshakusanya shilingi 700 na embe moja. Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilirudisha fedha (embe lilikuwa limeshaliwa), na Jumatatu nikaenda kuomba kurudi katika mfuko. Nilitozwa faini, kama ilivyostahili, na safari hii mwanangu ndiye anayepeleka bahasha ya kila mwezi kwa mweka hazina, ambaye humwandikia risiti kwa jina lake.

Kutokana na hayo yote, nina maombi machache kwa wale watakaouandika upya muswada wetu. Kadi ya bima ya familia iwe na jina la kila mtoto, na si nambari ya baba peke yake. Usajili ufanyike kijijini, mbele ya mwenyekiti wa kijiji, kaya nzima ikiwapo, kama tulivyokuwa tukijiandikisha katika engozi. Zisiwe karatasi zinazojazwa ofisini na kutumwa Kampala. Vikundi vilivyopo tayari, vya engozi, vya mazishi, vya akiba, vitumiwe kukusanya michango, kwa maana watu wameshavizoea na wanajua nani hudanganya. Na jambo ambalo ni gumu zaidi: dawa ziwepo kabla ya makato kuanza. Siku ya kwanza mtu atakapoonyesha kadi yake ndiyo siku ambayo watoto wa kijiji kizima watajifunza kama kadi ni kitu au ni karatasi. Hawatapata siku ya kwanza nyingine.

Liko la viongozi pia. Si siri kwamba wakubwa wetu wakiugua hupanda ndege, na mara nyingi tikiti hulipwa na hazina ya umma. Sisemi wafe ili kutufurahisha. Nasema kwamba mbunge anayepigia kura bima ya taifa apewe kadi ileile, na aonekane akiitumia katika hospitali ya rufaa ya mkoa wake, kwenye foleni ileile, hata kama ni kwa kung'olewa jino. Picha moja ya namna hiyo gazetini ingemtosha mwalimu wa uraia kwa muhula mzima.

Na sisi walimu tusingoje. Wiki iliyofuata igizo lile, nilirudi darasani na nikaandika ubaoni maneno ambayo mada ya hospitali haikuwa nayo: bima, mchango, mwanachama, mnufaika, kadi. Nilimwomba msichana wa kundi la nne awaeleze wenzake mituweli ni nini. Alieleza vizuri, kwa Kiswahili chenye makosa mawili ya ngeli ambayo sikuyasahihisha. Kisha makundi yakaigiza upya. Karani akauliza kadi, mama akaitoa (karata ya kuchezea, sikuuliza ilitoka wapi), mgonjwa akaingizwa kwa daktari. Igizo lilikwisha kwa dakika nne. Wanafunzi walilalamika kwamba ni fupi, halina msisimko, na yule wa sweta hakuwa na la kufanya.

Kengele ilipokaribia, kijana mmoja wa mstari wa nyuma alinyosha mkono. "Mwalimu, na sisi hapa Uganda, kadi hiyo huchukuliwa wapi?"

Nikamjibu kwamba kuna muswada. Akaliandika neno hilo katika daftari lake, akalitazama kidogo, kisha akaniuliza wingi wake ni nini.

Nikamwambia: miswada.